Siku Mashine Ilipoulizwa Kuhusu ũ

Mwaka 2016 nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ndogo ya uchapishaji karibu na River Road, hapa Nairobi, iliyokuwa ikiandaa orodha za maneno ya Kiswahili, Gĩkũyũ na Kikamba kwa ajili ya vitabu vya shule za msingi. Programu moja iliyoandikwa kwa lugha ya C ilisoma maandishi, ikayagawa maneno, ikahesabu kila neno limejitokeza mara ngapi, na wahariri wakaanzia hapo. Tuliirithi kutoka kwa mkandarasi aliyekwisha kuondoka, na kwa sehemu kubwa ya maandishi ya Kiswahili haikuwa na lawama. Wahariri walipoingiza maandishi ya kwanza ya Gĩkũyũ, neno mũndũ halikuonekana popote katika orodha iliyotoka. Palikuwa na m, palikuwa na nd, na jina la lugha yenyewe lilikuwa limesambaratika likawa G, k na y.

Kiongozi wetu alikuwa mama aliyefundisha hisabati kabla ya kuingia katika kazi ya programu, nasi sote tulimwita Mwalimu. Aliniita mezani pake, akafungua msimbo mahali maneno yalipokuwa yakikatwa, akasema, “Kijana wangu, kabla hujagusa kitu, niambie mashine imeulizwa nini hapa.”

Iliulizwa kwa fanksheni ya isalpha, ambayo hupewa baiti moja na kujibu kama ni herufi au si herufi. Lakini katika UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi kama baiti, herufi ũ ni baiti mbili, C5 na A9, na ĩ ni C4 na A9. Nikamjibu, “Imeulizwa kuhusu nusu ya herufi, Mwalimu.” Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: kwenye mashine ambazo char, aina ya data ambayo C hutumia kubeba baiti moja, inaweza kuwa na alama ya hasi, baiti iliyozidi 127 hugeuka nambari hasi, na kiwango cha C hakielezi lolote kuhusu kitakachotokea isalpha ikipewa nambari ya namna hiyo, isipokuwa ile ya mwisho wa faili. Kwa hiyo hata yale majibu mabaya tuliyokuwa tukiyaona hayakuwa na mdhamini.

Dawa ipo katika wctype.h, faili la fanksheni za kuainisha herufi, iliyoingizwa katika kiwango cha C kwa nyongeza ya mwaka 1995. Humo herufi hubebwa nzima, katika aina pana iitwayo wchar_t, na swali huulizwa kwa iswalpha. Mwalimu aliniachia nibadilishe mistari hiyo, kisha akataka tuiendeshe programu mbele yake vivyo hivyo. Ilisimama kwenye ũ ya kwanza, ikitoa kosa la mfuatano wa baiti usiokubalika. “Nilitaka ulione hili kwa macho yako,” alisema. Kila programu ya C huanza ikiwa ndani ya lokali iitwayo “C”, yaani mkusanyo wa kanuni za lugha na nchi ambao, katika mashine yetu, haukutambua herufi nyingine zaidi ya zile 52 za Kiingereza, kubwa na ndogo. Mpaka programu iite setlocale, fanksheni ya kuchagua lokali, haijali mtumiaji yuko Nairobi au Tokyo.

Tukaongeza setlocale kwa kundi la LC_CTYPE, sehemu ya lokali inayohusu aina za herufi, tukiiachia isome mazingira ya seva, yaliyotaja sw_KE.UTF-8, yaani Kiswahili cha Kenya. Ikarudisha NULL, yaani imeshindwa. Wengi huandika wito huo bila kutazama jibu lake, nami naona huo ni uzembe unaowaumiza watu ambao lugha zao hazimo katika usakinishaji wa kawaida. Amri ya locale -a, inayoorodhesha lokali zilizopo, ilionyesha kwamba seva ilikuwa na zile za msingi tu, C na POSIX. Tukaijenga sw_KE kwa localedef, amri ya kutengeneza lokali, tukaendesha tena, na mũndũ akatoka mzima.

Niliuliza imekuwaje lokali ya Kiswahili, lugha isiyotumia ũ, iikubali herufi hiyo. Mwalimu alinifungulia faili la chanzo la glibc, maktaba ya C ya seva yetu: sehemu ya LC_CTYPE ya sw_KE hainakili alfabeti ya Kiswahili, bali hunakili jedwali la pamoja linalotokana na Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na namba zake, ambamo ũ na Ũ ni herufi kwa kila mtu. Kupanga maneno kwa mfuatano wa alfabeti ni suala la kundi jingine, LC_COLLATE, nalo tuliliweka kando.

Kumbe ugumu uliokuwa umebaki ulikuwa wa Kiswahili chenyewe. Tulipokagua orodha kwa makini zaidi, ng'ombe alikuwa vipande viwili, ng na ombe, na nung'unika vilevile, kwa kuwa kwa mujibu wa lile jedwali kibainishi, yaani ile alama ya ', ni alama ya uandishi: iswpunct hukikubali na iswalpha hukikataa. Makundi ya herufi ambayo C inayahakikisha kila mahali ni 12 tu, ingawa lokali inaweza kuongeza yake, na lokali za Kijapani huongeza makundi ya hiragana na katakana, maandishi mawili ya Kijapani. Nilipendekeza tuandike kundi letu ndani ya sw_KE. Mwalimu alikataa, kwa sababu shule au ofisi yoyote ambayo ingeiendesha programu ile bila faili letu ingerudi kwenye ombe.

Alichagua kanuni ndani ya programu yenyewe: kibainishi kinachofuata n na g, na chenye herufi baada yake, ni sehemu ya neno. Maneno ya Kiswahili hayaishii kwa ng, kwa hiyo alama ya kufunga nukuu haiji baada ya ng, na kanuni haikuwa na nafasi ya kuchanganya. Tuliiandikia umbo lililonyooka, U+0027, na lile lililopinda, U+2019, kwa sababu wachapaji wetu walitumia yote mawili, hata katika ukurasa mmoja. Jioni ile wahariri walipata orodha yenye ng'ambo, ng'oa na ning'inia, kila moja na hesabu yake.