Choya kubwa kwenye mchanga wa Kibada: mwanzo wa msimu

Mwisho wa Septemba

Msimu huu nataka choya kubwa. Zile tulizozoea kuziona uani, kijiti cha usawa wa kiuno chenye vikombe vyekundu vya kuhesabika, zinatosha jagi moja la juisi na basi. Ninazotaka mimi ni za mita mbili kwenda juu, zilizotanuka matawi kuanzia chini, mtu akisimama nyuma yake haonekani. Mmea huu una uwezo huo. Ni *Hibiscus sabdariffa*, ukoo mmoja na bamia na pamba, asili yake Afrika hii hii, ingawa Wasudani, wanaoiita karkade, wanaithamini kuliko sisi.

Shida ya hapa Kibada, Dar es Salaam, ni urefu wa mchana. Choya huchanua mchana unapokuwa mfupi. Ili iendelee kutoa matawi bila kuwaza maua, inahitaji mchana wa saa 13 hivi, na sisi wa karibu na ikweta hatuufikii. Desemba, mchana wetu mrefu kuliko yote, unafika saa 12 na nusu. Juni unashuka kidogo chini ya saa 12. Kwa hiyo mmea wa hapa uko tayari kuchanua hata ukiwa mdogo, na ukishaanza maua, nguvu zote zinahamia huko. Anayepanda Machi kwa kufuata masika anapata mvua tele na kichaka kifupi.

Mpango wangu ni mbegu ziingie Oktoba, miche ikue na vuli wakati siku zinarefuka, umbo lote liwe limekamilika kabla Januari haijaisha. Baada ya hapo ni kusubiri na kuchuma, kwa hiyo daftari hili litakuwa na mengi ya mwanzo na machache ya mwisho.

Oktoba, mashimo

Udongo wa hapa ni mchanga mtupu. Maji yanapita, na mbolea inayafuata. Nimechimba mashimo ya sentimita 60 upana na kina, mita moja na nusu toka shimo hadi shimo. Jirani anaona napoteza eneo, lakini nikizibananisha zitashindana kwenda juu, wembamba mtupu, na hewa isipopita katikati ukungu utaingia na mvua za kwanza.

Chini kabisa nimetandika makumbi ya nazi. Hii ni mali ya pwani ambayo wengi wetu tunaichoma bure. Yasiingie shimoni makavu, kwanza nimeyaloweka kwenye pipa, nikimwaga maji na kubadilisha mpaka ile rangi ya kahawia ikapungua na chumvi yake ikatoka. Yakishalowa yanashika maji muda mrefu, na mzizi mkuu wa choya, unaoshuka chini moja kwa moja, unayakuta huko. Juu yake nimerudisha mchanga uliochanganywa na udongo mweusi na samadi ya kuku.

Kuhusu samadi hiyo: ya kuku wa nyama ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Niliifunika na turubai tangu Agosti, nikiigeuza. Kipimo changu ni mkono. Ukiuingiza katikati ya lundo ukakuta joto, au pua ikawasha, bado.

Pale palipokuwa na bamia mwaka jana sijachimba hata shimo moja. Nilipoing'oa ile bamia mizizi ilikuwa na vinundu, yaani minyoo fundo, na minyoo hiyo inaipenda choya vile vile. Mchanga wa huku ndio kwao.

Oktoba, mbegu

Mbegu nimepata Kariakoo kwa muuza viungo, anasema zimetoka Dodoma. Nimeziloweka usiku kucha, zilizoelea nikatupa. Nimezisia kwenye chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa shingo na kutobolewa chini, mbili mbili kila chupa. Chupa ndefu ni kwa sababu ya ule mzizi mkuu. Ukikunjamana utotoni, mmea hauji kusimama vizuri.

Zimeota ndani ya wiki. Mche dhaifu katika kila chupa nimeukata kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiung'oa unamtikisa mwenzake. Maji asubuhi tu, kidogo, kwenye udongo, kwa sababu miche inayolala na maji shingoni huoza shina ikaanguka yote kwa pamoja.

Novemba, kuhamishia shambani

Vuli imekuja na manyunyu kwanza, kisha mvua ya kweli. Nimehamisha jioni, miche ikiwa na majani manne halisi. Kila mche umevishwa kola ya plastiki, kipande cha chupa kilichozamishwa sentimita mbili tatu ardhini, kwa ajili ya sota. Huyu mdudu anakata shina usiku usawa wa ardhi, asubuhi unakuta mche umelala kama uliofyekwa. Kola inamzuia kabisa. Kuku wa mtaa wao wanahitaji wavu, hakuna njia nyingine, na wanajua ulipo mche mpya kabla yako.

Matandazo ni nyasi kavu, unene wa kiganja, lakini yasiguse shina.

Maji ya kisima huku kwetu yana chumvi kidogo, hivyo miche michanga inakunywa ya mvua kutoka kwenye simtanki. Namwagilia kwa nadra na kwa wingi, ndoo nzima taratibu mpaka makumbi yashibe, halafu naacha juu pakauke. Wanaonyunyiza kidogo kila jioni wanaifundisha mizizi kukaa juu, na Januari jua litaikuta huko huko.

Novemba mwishoni, kukata ncha

Hili ndilo lenye ubishi nyumbani. Mama anasema unaukata mmea wa watu ukiwa bado unakua, ni dhambi. Mimi nasubiri ufike usawa wa goti hivi, halafu nakata ncha ya shina kuu juu ya pingili ya tano au ya sita, kwa kisu kikali, asubuhi pakiwa pakavu. Ncha ile ndiyo inayozuia vichipukizi vya pembeni. Ikiondoka, vinaamka vyote, na baada ya wiki mbili unaona matawi manne, matano, yanagombea nafasi. Ncha zilizokatwa hazitupwi. Ni mboga chachu nzuri, ukiipika na karanga hata huyo mama aliyelalamika anaongeza ugali.

Matawi hayo yakirefuka nayakata ncha mara moja zaidi, kwa miche yenye nguvu tu. Mwisho wa kazi hii ni Krismasi. Baada ya hapo mchana unaanza kufupika, na tawi litakalochipuka litakuwa na haraka ya kutoa ua.

Wakati huo huo nimepata mgeni. Mjumbe wetu amepiga hodi, kashika fimbo nyuma.

"Shikamoo mzee, karibu."

"Marahaba mwanangu. Hii miti yako, watu wananiuliza."

Nimeelewa mara moja. Jani la choya likiwa changa ni zima, mmea ukikua linachanika vidole vitatu hadi vitano vyenye meno pembeni, na kwa mtu anayepita barabarani ni rahisi kuwaza bangi. Ndugu yake wa karibu, kenafu, wanasayansi wameiita kabisa *Hibiscus cannabinus* kwa kufanana majani. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya haina utani na mkulima wa bangi, kwa hiyo mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Nimemwonyesha: la bangi ni vijani vilivyoachana kabisa, vinakutana kwenye kikonyo tu, na la choya ni jani moja lililochanika. Halafu nikamchumia moja, akatafuna.

"Uchachu huu!" Kacheka. "Ni ile ya juisi?"

"Hiyo hiyo. Zamu ya kuchuma ikifika nakuletea."

Sasa nina mteja wa kwanza, na hatalipa.

Desemba

Kaskazi imeanza kuvuma. Choya yenye kichwa kipana juu ya mchanga uliolowa inang'oka kirahisi, kwa hiyo fito zimeingia kabla hazijahitajika. Ukisubiri mmea uiname utatoboa mizizi ukichomeka. Fito tatu kila mmea, kamba ya katani iliyozungushwa namba nane kati ya fito na tawi, legevu, ili shina liyumbe kidogo na kukomaa.

Vidukari wamejaa kwenye ncha laini, na chungu wanapanda na kushuka kuwachunga kwa ajili ya ule utamu wao. Dawa ni kuwafungia njia chungu, kisha kuwapiga vidukari kwa maji ya mwarobaini na sabuni kidogo, jioni, chini ya majani. Sijatumia sumu ya dukani. Ile inaua pia vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vinavyowala vidukari bure. Vidung'ata, weupe kama pamba, nimekuta kwenye tawi moja. Nimelikata na kulichoma.

Mbolea ya kukuzia ni CAN, ya dukani yenye naitrojeni, vijiko viwili vya chai kwa mmea, kuzunguka usawa wa ncha za matawi, mara kwa mara kidogo kidogo. Kwenye mchanga ukiweka nyingi kwa mpigo mvua moja inaipeleka baharini.

Januari, katikati

Kubwa zaidi imenifika kidevuni, na upana wake unazidi urefu. Jua ni kali, nimeongeza matandazo, na simtanki liko nusu.

Vitumba vya kwanza vimetokea, kwenye mimea yote isipokuwa mmoja, ule ulio karibu na taa ya baraza inayowaka usiku kucha. Choya inapima giza, na mwanga wa taa unamkatishia usiku wake, anadhani bado ni kiangazi cha nchi za mbali. Nimeamua kumwacha hivyo hivyo akue, na taa nitaizima Machi nione atachanua lini.

CAN imekoma. Kuanzia sasa ni majivu kidogo na mboji, maana naitrojeni ikizidi sasa nitapata majani ya kulisha mbuzi. Ukutani kwa jirani kuna msufi mkubwa, na kangambili, wadudu wanaofyonza mbegu, wakitoka huko watafuata zangu, kwa hiyo wiki hii naanza kupita na kopo la maji ya sabuni kila asubuhi.