MR2 Inayochemka Malindi: Nilivyotafuta Uvujaji wa Maji na Hitilafu ya Feni

Toyota MR2 ya kizazi cha pili, ile iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999, ina injini nyuma ya viti na rejeta mbele kabisa, chini ya boneti linalofunika pia gurudumu la akiba. Baina ya injini na rejeta maji hupita katika mabomba mawili marefu ya chuma yaliyolazwa chini ya sakafu, moja likipeleka maji ya moto mbele na la pili likirudisha yaliyokwisha kupoa. Mpangilio huu hulipa gari mgawanyo mzuri wa uzito katika kona, na ndio ulionifanya nilipende. Hata hivyo, kwa mtu anayekaa Malindi, ambako upepo wa bahari hula bawaba za milango na mabati ya paa bila kuchoka, mpangilio huohuo una maana kwamba sehemu ya mfumo wa maji iliyo ngumu kuonekana ndiyo iliyo wazi zaidi kwa kutu.

Gari langu halina tabo, na dalili zake zilikuwa mbili zilizoonekana kama moja. Ya kwanza ni mshale wa joto, ambao ulitulia chini kidogo ya nusu nilipokuwa nikienda Gede kwa mwendo mzuri, kisha ukaanza kupanda mara tu nilipoingia mjini na kukwama nyuma ya tuktuk karibu na soko. Ya pili ni maji, ambayo yalipungua katika tanki la akiba bila kuacha dimbwi lolote mahali nilipoegesha. Kila fundi niliyemwonyesha alikuwa na kifaa cha kubadilisha kabla hajawa na kipimo cha kuonyesha: mmoja alitaka rejeta mpya, mwingine alitaka kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na kijana mmoja wa Majengo, mwenye mikono mizuri kwa kazi nyingine, aliniambia, “Ami, toa thamostati tu, huku kwetu hakuna baridi.”

Ushauri huu wa kutoa thamostati, yaani vali inayofunguka na kufunga njia ya maji kulingana na joto, umeenea sana Pwani, na katika injini hii unadhuru. Thamostati ya injini ya 3S, ambayo ndiyo injini ya gari langu, imekaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini, na ina sahani ya pili chini yake inayoziba njia ya mkato maji yanapopata moto. Ukiiondoa, ile njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kwenda mbele kwenye rejeta. Kwa hiyo gari huchelewa kupata joto asubuhi, na mchana wa Februari, ukiwa kwenye foleni, linaweza kuchemka zaidi ya awali. Nilimshukuru kijana yule, nikaiacha thamostati mahali pake.

Niliamua kuzitenganisha dalili. Gari linalopanda joto likiwa limesimama na kupoa likienda mbio linakosa upepo wa feni, kwa sababu barabarani mwendo wenyewe hupitisha hewa katika rejeta. Gari linalopanda joto likiwa kwenye mwendo kasi, kwa kawaida, limepungukiwa na maji au limeziba mahali, au lina hewa iliyonaswa ndani. Langu lilikuwa la aina ya kwanza, lakini maji yaliyopungua yalielekea kulipeleka kwenye aina ya pili. Nilianza na uvujaji, kwa kuwa hakuna haja ya kupima feni katika mfumo usiojaa.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi. Maji ya moto yanayotoka katika tundu dogo hugeuka mvuke kabla ya kufika chini, na ndiyo sababu sikuwahi kuona dimbwi. Niliazima pampu ya mkono yenye saa ya presha, nikaifunga mahali pa mfuniko wa maji kule kwenye injini, na nikapandisha presha hadi baa 0.9, yaani kiwango kilichoandikwa juu ya mfuniko wenyewe. Mfuniko huo si kizibo tu. Maji yakiwa chini ya presha ya kiasi hicho hayachemki kwenye nyuzi 100 bali huvumilia hadi karibu nyuzi 118, hivyo mfuniko uliolegea springi au kukauka mpira unaweza peke yake kulifanya gari lionekane bovu. Niliupima pia kwa pampu ileile, nao ukashika vizuri.

Sindano ya saa ilishuka polepole. Juu hapakuwa na kitu: mipira ya karibu na injini ilikuwa mikavu, na zulia la upande wa abiria halikuwa na unyevu wala ile harufu tamutamu ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) inayoashiria kuvuja kwa hita. Tukaliweka gari juu ya stendi nne, tukafungua kifuniko cha chini kinachoficha mabomba, na hapo ndipo jambo likajieleza. Kifuniko kilikuwa kimekusanya maji na kuyapeleka nyuma, yakadondoka mbali na yalikotoka. Mtu angeyafuata matone angeishia kuilaumu pampu ya maji ya injini. Bomba la kurudisha maji lilikuwa limeshikwa na bano lenye mpira, na chini ya mpira huo palikuwa na ukoko wa waridi, mgumu, uliopasukapasuka pembeni. Nilipoukwangua kwa kucha, uzi mwembamba wa maji ulichomoza na kunipiga kifundoni. Mpira wa bano ulikuwa umeshika mchanga wenye chumvi kwa miaka, na kutu ilikuwa imelila bomba kutoka nje kwenda ndani. Nadhani safari zangu za Gongoni, ambako malori ya chumvi hutoka kwenye mashamba ya chumvi na kumwaga chembe barabarani, zilichangia.

Kabla ya kushika bomba nilitaka kuwa na hakika kuhusu gasketi ya silinda hedi, maana gari lililowahi kuchemka haliaminiki. Kipimo chake ni rahisi: hewa ya juu ya maji hufyonzwa na kupitishwa katika dawa ya buluu, na ikiwa moshi wa injini umeingia kwenye maji, dawa hugeuka manjano. Ilibaki buluu.

Bomba lenyewe sikutaka kulichomelea, kwa sababu chuma kilichokwisha kuwa chembamba hutoboka tena pembeni mwa kiraka. Malindi ina mafundi hodari wa kutengeneza vyuma vya ngazi za hoteli na vya boti za uvuvi wa michezo, na mmoja wao alinipindia bomba jipya la chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, ambalo huivumilia chumvi ya bahari kuliko lile la 304 linalouzwa kila mahali. Nilimsisitizia mambo mawili: kipenyo cha nje kiwe sawa na cha zamani, na kila ncha iwe na ukingo ulioinuka kidogo, ili mpira usiteleze presha inapopanda. Ukingo huo ni wa milimita chache tu, lakini bila huo klipu hushika kwa msuguano peke yake. Lile bano tulilirudisha likiwa na mpira mpya, na tukatoboa kitundu chini yake ili maji yasituame.

Sasa feni. Hapa gari hili lina tabia iliyowapoteza mafundi wengi, na siwalaumu. Katika magari mengi waliyoyazoea, swichi ya joto huunganisha mkondo wa umeme maji yanapopata moto. Kwa hiyo fundi huchomoa soketi, huunganisha nyaya mbili, na feni huzunguka. Katika MR2 hii ni kinyume. Swichi huunganisha mkondo maji yakiwa baridi na kuukata yakiwa ya moto, na rilei, yaani swichi nyingine inayoendeshwa na umeme, ndiyo inayogeuza jambo. Faida yake ni kwamba waya ukikatika njiani, feni huzunguka muda wote badala ya kunyamaza. Ukiziunganisha nyaya, gari huelewa kwamba maji ni baridi, feni haziamki, nawe utaambiwa kwamba feni zimekufa.

Nilichomoa soketi ya swichi ya joto na kuwasha swichi ya ufunguo bila kuwasha injini. Feni moja ilijivuta kwa uvivu, na ya pili haikutikisika. Fyuzi ilikuwa nzima. Fundi wa umeme niliyekuwa naye aliweka mita kwenye soketi ya feni, ikasoma karibu volti 12, akataka kuishutumu mota papo hapo. Nilimwomba tuweke mzigo kwanza, kwa sababu mita haivuti mkondo wa maana na huweza kusoma volti kamili hata kwenye waya uliobakiwa na unyuzi mmoja. Tulichukua balbu ya taa kubwa, ya wati 55, tukaifunga kwenye soketi ile. Ilitoa mwanga mwekundu wa makaa yanayokaribia kuzimika. Tukauacha upande chanya kama ulivyo, tukapeleka upande hasi moja kwa moja kwenye betri, na balbu ikawaka kikamilifu. Kasoro ilikuwa kwenye athi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari.

Bolti ya athi, iliyoko mbele chini ya taa zile zinazochomoza, ilikuwa imefunikwa unga wa kijani. Tulikata waya kidogo kidogo hadi tukafikia shaba inayong’aa, tukatia pete mpya kwa risasi, tukakwangua bodi hadi chuma kikaonekana, tukakaza na kupaka grisi. Feni ya kwanza ikapuliza kwa nguvu inayostahili. Ya pili iliamka tu ilipogongwa kwa mpini wa bisibisi, jambo linaloashiria kwamba kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha. Mzee mmoja anayefunga mota alichonga kaboni za mota nyingine hadi zikaingia bila kukwama, akasafisha shaba ya ndani kwa msasa laini. Feni mpya ingenigharimu zaidi, na kuingojea kutoka Mombasa pia.

Kujaza maji ndiko kunakohitaji subira. Mdomo wa kujazia uko nyuma, rejeta iko mbele, na hewa hupenda kukaa katika sehemu za juu kwenye rejeta na hita. Kuna vali ndogo za kutolea hewa kule mbele: nilizichomeka mipira myembamba inayoonyesha ndani, nikaifunga juu kwenye boneti, nikaweka hita kwenye joto kali, na nikamimina taratibu hadi mapovu yalipokoma kwenye mipira yote. Nilitumia kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za barafu, lakini hapa kwetu tunainunua kwa ajili ya dawa yake ya kuzuia kutu, na maji ya visima vingi vya Malindi yana chumvi inayotosha kuanzisha kutu upya kutoka ndani. Beseni la kulanti ya zamani nililifunika mara moja kwa sababu ya paka. Ni tamu na ni sumu.

Nilivuka daraja la Sabaki hadi Mambrui na kurudi, kisha nikaliacha gari likinguruma mjini huku kiyoyozi kikifanya kazi. Mshale ulisimama mahali pamoja, feni ziliwaka na kuzimika zenyewe, na asubuhi yake maji katika tanki la akiba yalikuwa kwenye alama.

Pampu ya maji sikuigusa. Katika injini hii huzungushwa na mkanda wa taimingi, na kuifikia ni kufungua yaleyale yanayofunguliwa kwa ajili ya mkanda, kwa hiyo vyote viwili vitabadilishwa pamoja muda wa mkanda ukifika. Hadi wakati huo, kila ninapobadilisha oili, namulika tochi kwenye kile kitundu chake kidogo cha chini, ambacho hutoa maji pampu ikianza kuvuja, kutafuta ukoko wa waridi, na ninakagua pia bomba la pili, lile la maji ya moto, ambalo bado ni la kiwandani.