Nilivyojifunza kuyaamini yote mawili

Kwa miezi miwili nilikuwa nafanya maswali ya LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani. Kila nilipofika kwenye swali linalokupa mambo mawili ya kweli yanayoonekana kugongana, kisha linataka uchague jibu linaloyapatanisha, nilikosa. Sehemu moja ya mtihani, ile ya kuchambua hoja, ina maswali 24 hadi 26 kwa dakika 35, huna muda wa kuzunguka. Nami nilizunguka kwa sababu nilisoma kama mwamuzi wa ugomvi: nilitaka kujua lipi kati ya hayo mawili ni uongo.

Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni hapa Arua, Uganda. Jioni moja ya masika nilikuwa namsaidia kufunga meza, yeye anahesabu noti, anarudia tena.

"Mwanangu, leo watu wamejaa kuliko wiki iliyopita, mbona pesa ni kidogo?"

Nikamwambia labda amekosea kuhesabu. Hakunijibu. Aliinua lile kopo kubwa la kupimia, kavu, vumbi limetanda ndani. Hapo nikaelewa. Mvua ikizidi mukene haikauki vizuri kule ziwani, bei inapanda. Aliyezoea kununua kopo la wiki nzima sasa anachukua fungu la leo, kesho anarudi. Wateja wengi kweli, pesa kidogo kweli.

Usiku ule nilirudia maswali yote niliyokosa. Karibu kila jibu nililochagua lilieleza upande mmoja tu. Ni sawa na kumwambia shangazi "bei imepanda" ukaishia hapo: pesa kupungua pengine umeeleza, lakini foleni je? Jibu baya zaidi ni lile la "kuna sherehe mjini". Linavutia, linaleta watu, halafu linaacha upungufu wa pesa ukiwa fumbo kubwa kuliko mwanzo. Tangu hapo, kabla ya kutazama majibu, naandika pembeni: hili kweli, hili kweli, kisha natafuta la tatu linaloyabeba yote.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1973, wanaume walioomba masomo ya uzamili walikubaliwa kwa asilimia 44 hivi, wanawake 35. Watafiti walipopitia idara moja moja, ubaguzi dhidi ya wanawake ambao takwimu hizo zilidokeza haukuonekana. La tatu lilikuwa mahali walikoomba: wanawake wengi walielekea idara zenye nafasi chache, ambako hata wanaume walikataliwa kwa wingi. Nilipolielewa hilo nilisimama nikatembea chumbani, kwa furaha.

Yaliyobaki kunisumbua ni maswali ya "yote yanaeleza isipokuwa". Hapo majibu manne yanapatanisha, unatafuta lile moja lisilosaidia. Mwanzoni nilitafuta linalopinga, nikakosa. Mara nyingi halipingi chochote. Linapita tu pembeni, kama mtu anayekatiza sokoni bila kununua. Sasa naweka alama kwa kila linalopatanisha, na linalobaki bila alama ndilo ninalochagua.