Matone ya Mama na Samli ya Kerala

Jumapili, usiku

Tangu daktari aseme mama ana presha ya macho, kila jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp amegeuka tabibu. Shangazi ndiye aliyeitaja Kerala, jimbo la kusini mwa India. Mkenya ukimwambia Kerala, mawazo yanaenda kwa Rosemary Odinga, aliyepoteza uwezo wa kuona mwaka 2017 baada ya kuugua, akahangaika nchi kadhaa, kisha akatibiwa katika hospitali ya macho ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huko katika mji wa Koothattukulam na kuanza kuona tena. Februari 2022 Narendra Modi, waziri mkuu wa India, aliisimulia habari hiyo redioni. Baba yake Rosemary, Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani wa Kenya, alifariki katika mji huohuo Oktoba 2025 alipokwenda kutibiwa. Namwelewa shangazi. Lakini maradhi ya Rosemary hayakuwa haya ya mama, na hapo ndipo tunapobishana.

Nimesoma sana wiki hizi, na kusema kweli mengi nimeyapenda. Ayurveda huliona jicho kuwa makao ya moto wa mwili, wanaouita pitta, kwa hiyo mwenye maradhi ya macho huhimizwa kuyapoza: alale mapema, anawe uso kwa maji baridi, aepuke moshi na jua kali. Hata kupaka nyayo mafuta kabla ya kulala wanasema husaidia macho. Nyayo! Nilicheka, kisha nikachukua mafuta ya nazi nikamkanda mama. Akaniambia, "Macho sijui, mwanangu, lakini miguu imeshukuru." Sasa ndiyo kawaida yetu ya usiku.

Kuna pia tiba ya macho wanayoiita netra tarpana. Unga wa dengu nyeusi hukandwa, ukazungushiwa jicho kama ukuta wa kisima, kisha samli ya vuguvugu iliyopikwa na mitishamba ikamiminwa ndani, mgonjwa akipepesa macho humo. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, ila mtandaoni watu wanajifanyia jikoni, na wengine wanaosha macho kwa maji ya triphala, ule unga wa matunda matatu, yaliyolala kwenye kikombe usiku kucha. Kitu kisicho safi kikiingia kwenye kioo cha jicho huweza kuleta kidonda na kovu. Kwa mama nimekataa kabisa, na shangazi amenuna.

Presha ya macho hula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na sehemu iliyokufa hairudi. Matone ambayo daktari alimpa mama ayatie machoni kila jioni hushusha presha, basi. Sushruta, tabibu wa kale wa India, ametajwa kuwa aliorodhesha magonjwa 76 ya macho katika kitabu kinachobeba jina lake, na mtoto wa jicho alimtibu kwa kuchoma sindano. Hata matabibu hao wa kale hawakutegemea majani kwa kila kitu.

Wanja nao nimeuondoa mezani kwa mama, maana aina nyingi za wanja wa asili zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Risasi hiyohiyo, pamoja na zebaki na aseniki, ilitafutwa katika dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston. Matokeo yalitoka mwaka 2004: dawa 14 zilikuwa nazo. Kwa hiyo unga wowote wa dukani tutamwonyesha daktari kwanza.

Samli yenyewe sijaitupa. Inaingia kwenye mchicha, kwa sababu mwili hupokea vizuri zaidi vitamini A ya mboga ukipata na mafuta kidogo. Papai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa mama anavila bila kusukumwa. Havishushi presha, nimemweleza hivyo, akasema mbona anavila kwa utamu tu.

Kliniki ni mwezi ujao. Daktari ametaka na sisi watoto tupimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika familia. Mimi nimeshajiandikisha. Kaka yangu wa Nakuru anasema anaona vizuri, na nimemjibu kwamba mama naye alikuwa akisema hivyohivyo.