Wewe ni wa Chama Gani?

Jumapili, Oktoba 20, 2024. Morogoro.

Tangu jina langu lianze kutajwatajwa kwenye uenyekiti wa mtaa, swali ni hilo hilo. Naulizwa dukani, naulizwa nikitoka kanisani, juzi nimeulizwa msibani na marehemu hajazikwa: "Mama, hivi wewe hasa ni wa chama gani?" Nikijibu kwamba sina chama, wengine wanadhani naficha. Wengine wananionea huruma. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, asiye na chama ni popo, si ndege si mnyama." Hakusema kwa ubaya, lakini neno lile limenikaa wiki nzima. Leo nimefunga duka mapema ili niandike.

Siasa ninazo. Hilo nataka lieleweke kabla ya lolote.

Nauza dawa. Duka langu ni lile la dawa muhimu, kaunta moja na rafu mbili, na siasa zangu zilianzia nyuma ya kaunta hiyo. Anakuja mtu na cheti kimeandikwa vizuri: amoxicillin, kapsuli 21, siku saba. Ananiuliza bei. Anakaa kimya, anahesabu kichwani, halafu anasema, "Nikatie sita kwanza, zilizobaki nitafuata." Hafuati. Najua hatafuata, na yeye anajua kwamba najua. Namweleza hatari ya kukatiza dozi, anaitikia kwa adabu zote, anaondoka na karatasi yake ndogo yenye vidonge sita. Mwaka jana Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Niliposikia nilifurahi kuliko nilivyofurahia matokeo ya uchaguzi wowote, na kila siku naisubiri imfikie yule mtu wa vidonge sita.

Naamini pia kwamba ardhi ibaki mali ya umma, kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyosema. Nimezaliwa Kilosa, kijiji kimezungukwa na mkonge, najua uchungu wa kukosa pa kulima huku shamba la mtu asiyeonekana limeota vichaka. Naamini elimu bila ada, iliyoanza 2016, ni jambo kubwa hata kama madarasa yamefurika. Nikiyasema haya watu wananipigia makofi: "Kumbe wewe ni CCM damu, wa chama tawala!"

Nikiendelea makofi yanakoma. Naamini tunahitaji Katiba mpya, na si siku moja huko mbele. Naamini mgombea urais hapaswi kuwateua wanaosimamia uchaguzi wake. Naamini mkutano wa hadhara ni haki, na kwamba kuuzuia tangu 2016 mpaka Januari 2023 kulituumiza wote, hata wale waliokuwa wakishangilia. Hapo naitwa kamanda, jina la watu wa upinzani. Nikigusa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, nikasema Tume ya Jaji Warioba, ile iliyokusanya maoni ya Katiba mpya, ilikuwa na hoja nzito ilipopendekeza serikali tatu mwaka 2013, basi hapo hata wa kuniita jina simwoni, kila mtu ananyanyua kikombe chake cha chai.

Sasa nauliza: mtu mwenye imani hizi zote kwa pamoja ana kasoro gani? Mbona naona zinaenda pamoja? Anayetaka mnyonge apate dozi yake kamili ndiye huyo huyo anayetaka kura ya mnyonge ihesabiwe vizuri. Vyama ndivyo vilivyogawana mambo haya, huyu akachukua moja na yule akachukua jingine, kisha tunaambiwa tuchague fungu.

Na mafungu yenyewe hayakai. Wanaonishangaa wamesahau 2015? Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, alikatwa kwenye mchujo wa CCM wa kumpata mgombea urais, na Julai hiyo hiyo akahamia CHADEMA, chama cha upinzani. Waliokuwa wakimshambulia majukwaani wakawa wanamnadi, waliokuwa wakimtetea wakaanza kumshambulia. Karibu asilimia 40 ya kura alipata. Machi 2019 akarudi CCM, akapokewa. Marehemu simlaumu, alitumia haki yake. Ninachosema ni kwamba watu walihama na viti vyao, na mimi niliyebaki palepale na imani zilezile ndiye ninayeitwa bendera fuata upepo.

Wamenijia nyumbani mara mbili. Kwanza wazee wa chama kimoja, jioni, kwa heshima zote. Wakasifia kazi ya kamati ya kisima, maana mimi ndiye mweka hazina na daftari langu kila mtu anaruhusiwa kulifungua. Wakasema, "Mama, chukua kadi tu. Mengine tutayamaliza ndani kwa ndani." Baada ya siku chache wakaja vijana wa chama kingine, wanne, wakakaa kwenye benchi la barazani. Hao walikuwa wazi zaidi: "Mama, wewe unakubalika. Sisi tuna chama, hatuna mtu. Wewe ni mtu, huna chama." Niliwapenda kwa ukweli huo. Niliwaandalia chai wote, wale na hawa, na wote niliwajibu hapana.

Sababu ni baba. Baba yangu alikuwa TANU, chama kilicholeta uhuru, kisha CCM iliyokirithi, mpaka anakufa, na zile ahadi za mwanachama alizijua kama Baba Yetu. "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." "Cheo ni dhamana." Alikuwa akizitamka asubuhi akinoa jembe, bila kumwangalia mtu, nasi watoto tukazishika kwa kusikia. Sijawahi kusikia maneno ya siasa mazuri kuliko yale. Na kwa sababu nayachukulia kwa uzito kama yeye, siwezi kuchukua kadi ya chama chochote kwa ajili ya kupita mlangoni. Nitaahidi kusema kweli daima, na ahadi yenyewe iwe uongo wangu wa kwanza? Baba asingenielewa.

Yupo atakayesema: basi gombea mwenyewe, bila chama. Hairuhusiwi. Rais, makamu wake, mbunge, diwani, mpaka mwenyekiti wa mtaa wenye nyumba zisizofika mia tatu, lazima awe mwanachama na adhaminiwe na chama. Ibara za 39, 47 na 67 za Katiba zinasema hivyo kwa vyeo vya juu, na kanuni za uchaguzi wa mitaa zinafuata mkondo huo. Katiba hiyo hiyo, kwenye ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Nimezisoma ibara hizo kwa zamu mara nyingi, na bado sioni zinavyokaa nyumba moja.

Aliyezipeleka mahakamani ni Mchungaji Christopher Mtikila. Alianza 1993 Mahakama Kuu Dodoma, na mwaka uliofuata Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi. Serikali ikaenda bungeni mwaka huo huo, Katiba ikarekebishwa ili ushindi ule usiwe na kazi. Akarudi tena, na 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema tena kwamba mgombea binafsi ni haki. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakaitengua hukumu, wakasema jambo hili ni la kisiasa na la kuamuliwa na Bunge. Mtikila akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Juni 14, 2013, mahakama hiyo ikasema Tanzania imevunja haki za raia wake kwa kumlazimisha mgombea awe na chama, irekebishe sheria zake. Mchungaji alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, uchaguzi mkuu ukiwa umebakiza wiki chache. Sheria iko vilevile.

Mtikila sikuwa shabiki wake. Maneno yake kuhusu Watanzania wenye asili ya Asia yalinichoma, na bado yananichoma nikiyakumbuka. Halafu yeye mwenyewe alikuwa na chama chake, Democratic Party (DP). Lakini alitembea mahakamani miaka ishirini kwa ajili ya watu wasio na chama kama mimi, na kwa hilo namwombea kila ninapomkumbuka. Nayabeba yote mawili. Siwezi kulitupa moja ili lile lingine likae vizuri.

Hapa Morogoro tuna sababu ya kukumbuka kwamba wapigakura wanajua kuchagua mtu. Mwaka 1965, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, TANU ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Watu wa hapa walimchagua Amir Jamal, mwenye asili ya Uhindi, wakamwacha Mwafrika aliyeshindana naye. Mwaka huo huo waziri wa fedha, Paul Bomani, akaangushwa na wapigakura Mwanza. Siutamani mfumo wa chama kimoja, mtu asinielewe vibaya. Chama kikisha kukukataa hapakuwa na pa kwenda. Ila mama yangu alipiga kura ile, na mpaka leo anakumbuka walivyowapima wale wagombea wawili: nani anasikiliza, nani ana dharau, nani analipa deni.

Na kabla ya hapo, 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu. Herman Sarwatt, mwana-TANU, alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake, akashinda. Nchi haikupasuka. Mwaka uliofuata tukapata uhuru, na bunge lilikuwa na mtu wa Mbulu ambaye alipewa kiti na Mbulu.

Hoja ya serikali naielewa, tena siidharau. Mahakamani walisema mgombea binafsi atafungua mlango wa ukabila, kila mtu atasimama na watu wa kwao. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na sheria ya vyama ya 1992 ilifanya busara kudai kila chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwemo. Kwa mgombea urais, hofu hiyo ina uzito, na dawa yake ni kumtaka akusanye wadhamini nchi nzima. Ila mwenyekiti wa mtaa! Mtaa wangu una Waluguru, Wakaguru, Wachaga, Wasukuma, Wapogoro, tunachota maji kisima kimoja na kuzikana makaburi mamoja. Wakinichagua mimi, ukabila gani utaingia? Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyeijenga TANU na kisha CCM kwa mikono yake, uzeeni aliandika kutetea haki ya raia kugombea bila chama. Na Rasimu ya Warioba iliweka mgombea huru. Kura ya maoni ya Katiba ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na hatujaitwa tena.

Kinachoniuma ni hiki. Kura ninayo. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kujiandikisha kwenye orodha ya wapigakura wa mtaa, nami nilijiandikisha siku ya kwanza. Kodi nalipa, leseni ya duka nalipa, mchango wa darasa nimetoa. Ikifika kwenye kuchaguliwa ndipo naambiwa kuna kitu sijakamilisha, kama kwamba uraia wangu unasubiri muhuri wa katibu wa chama fulani. Sijakubali, na sitakubali, kwamba mimi ni raia wa nusu.

Wapo wasiokuwa na chama kwa sababu wamechoka na wapo wanaoogopa, na siwanyooshei kidole. Mimi sijachoka. Nimeshaandika barua kwa mbunge wetu nikimwomba, Bunge likirudi kwenye mabadiliko ya Katiba, asimame kudai ibara zile tatu, ya 39, ya 47 na ya 67, zibadilishwe. Nimemwandikia kwa mkono, kurasa mbili, nikaweka namba yangu ya simu.

Jumamosi ijayo, tarehe 26, fomu zinaanza kutolewa. Sitachukua. Wale vijana wanne nimewaambia watafute mtu anayekiamini chama chao, na kwamba akiwa mzuri nitampigia kura bila kinyongo. Na wale wazee nimewaambia hivyo hivyo. Kwenye kikao cha kamati ya kisima nimeomba, na wenzangu wamekubali, kwamba kampeni zikianza Novemba 20 tuwaalike wagombea wote pale kwenye tangi. Tutawafungulia daftari, waone pampu imetengenezwa mara ngapi mwaka huu na kwa fedha ya nani, kisha kila mmoja atueleze atafanya nini na zile kaya za juu mlimani ambazo maji hayazifikii. Majibu nitayaandika mimi, kwa majina na tarehe, kwenye daftari hilo hilo.