Kaya ya mtu mmoja

Kabla hujaanza kunionea huruma naomba nikwambie kabisa, sijatendwa, sina gundu, na hamna mtu aliyenifunga kwa mganga kama shangazi yangu anavyoamini. Naishi mwenyewe tu, chumba masta na jiko huku Kimara, sina mume sina bwana sina hata shoga wa kuchangia naye kodi, na maisha haya nayapenda. Watu wananiambia upweke ni uvundo, wahenga walisema, sawa, ila wahenga hao hawakuwahi kulala chumba kimoja na watu wanne kila mmoja na simu yake anaangalia klipu kwa sauti.

Mi nimekulia nyumba ya hivyo. Kitandani tunalala watatu, mwenye rimoti ndo mwenye nguvu, ukinunua mafuta ya kupaka ukirudi jioni unakuta kopo limechorwa vidole hadi chini na hamna aliyegusa. Nawapenda ndugu zangu jamani, ila kitu ambacho sikuwahi kukipata pale ni kimya, na nilivyohamia kwangu usiku wa mwanzo nilikaa chini kwenye mkeka sina hata kitanda, nasikia feni tu, nikajisemea kumbe kuna watu wanaishi hivi siku zote na hawatwambii.

Sensa ya 2022 karani kaja na kishikwambi chake, kaniuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23, nikamwambia mimi. Na nani? Basi, mimi. Mkuu wa kaya ni nani? Mimi tena. Akacheka, akaniangalia, akaangalia na mlangoni kama vile kuna mtu nimemficha. Wastani wa kaya Tanzania kwa sensa hiyo ni watu 4.3, kwa hiyo mi ni mmoja wa wanaowashushia wastani, ila sikuona aibu, mkuu wa kaya ni cheo.

Sasa faida zenyewe. Watu wakisikia unakaa mwenyewe wanadhani ni mambo ya kujirusha na kurudi usiku wa manane, mi saa tatu nishalala. Faida yangu ni Jumapili saa tano asubuhi, dera limechanika kwapani, nakula kiporo cha wali na maharage moja kwa moja kwenye sufuria nimesimama, na hamna kiumbe anayeniuliza mchana tunapika nini. Hilo swali la tunapika nini mama yangu kalijibu kila siku tangu namfahamu na sijawahi kusikia mtu akimuuliza yeye anataka kula nini. Mi nikitaka nakula chipsi yai, nikitaka nalala na chai ya rangi na chapati.

Afu LUKU, aisee. Nina mita yangu. Aliyewahi kupanga nyumba ya mita moja wapangaji sita anajua ninachoongea, yule mwenye friji hataki kuchanga zaidi, yule mwenye taa moja anasema yeye analala mapema, umeme unakata Ijumaa usiku kila mtu anajifanya amelala. Sa hivi umeme ukiisha najua nani kaumaliza.

Hela hapa nisidanganye, kuishi mwenyewe ni ghali. Kodi miezi sita yote ni yangu, dalali na mwezi wake mmoja ni wangu, gesi ni yangu. Ndo maana wengi wanaingia sogea tukae, wanapunguza kodi, mwisho wa siku wana mtoto na kesi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mkikaa pamoja miaka miwili na majirani wanawajua kama mke na mume, inachukuliwa mmeoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Yani unatafuta unafuu wa kodi unapata dhana ya ndoa! Bora nilipe. Angalau kwenye michango ya harusi nalipa kadi ya single, japo na maswali ya utatuletea lini na yako yanakuja kwenye bahasha hiyohiyo.

Na upweke upo, Uingereza mwaka 2018 wameuwekea hadi waziri. Mi unanishika nikiumwa. Homa ya usiku ukiwa mwenyewe ni ndefu, maji yako hapo mezani ila meza iko mbali. Ndo nikampa mama wa chumba cha pili funguo ya spea, asubuhi asiponiona nafagia anagonga. Huyo mama ndo anafanya maisha yangu ya pekee yawezekane, na mi nikipika biriani sahani yake haikosi.

Kwa hiyo mdogo wangu unayetaka kutoka kwenu na unaogopa watakuonaje, watakuona vibaya kama mwaka hivi afu watazoea. Weka hela ya miezi sita kwanza usikope. Ulizia maji yanatoka siku gani, kagua kitasa na komeo la ndani, hakikisha LUKU ni yako peke yako. Na dalali akikupeleka kwenye chumba kinachopakana na baa, hata kama bei ni nusu na vigae ni vipya, kimbia.