Jinsi nilivyolipata ua la binti yangu

Binti yangu anaitwa Linnea. Jina alilichagua baba yake, Mswidi, nami nikaridhia kwa kuwa hata mama yangu kule Tanga aliweza kulitamka. Alipotimiza miaka sita akaniuliza, "Mama, hilo ua langu likoje?" Nilitahayari. Tunaishi Småland, kusini mwa Uswidi, na linnea ndilo ua la jimbo hili. Tena Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea ambaye ua limepewa jina lake, kazaliwa hukuhuku Råshult mwaka 1707, na alilipenda kuliko mengine.

Kiangazi cha kwanza nilitafuta penye nyasi na jua. Nikachuma vikengele vya buluu, nikavileta nyumbani kwa furaha, mpaka jirani yetu mzee akaniambia kwa upole kuwa lile ni ua jingine kabisa. Mwaka wa pili nilichelewa. Agosti inaisha, maua yamekwisha.

Jirani yule ndiye aliyenifumbua macho. Usitafute ua, alisema, tafuta majani. Nenda msitu wa zamani wa misonobari, penye kivuli chepesi; miti ikikatwa yote, jua hulikausha. Basi Mei nikaanza kupita pale njia ya msituni inapopinda, macho chini. Nikaviona: vijani vya mviringo, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, viwili viwili kwenye shina jembamba kama uzi, linatambaa juu ya zulia la kijani linalofunika mawe. Majani hayo hayapukutiki hata wakati wa theluji. Nikafunga kitambaa kwenye tawi la karibu, nisipapoteze.

Mwishoni mwa Juni tukarudi wawili, jioni. Harufu ilitupokea kabla ya ua. Linnea akalala kifudifudi. Kikonyo chembamba, kirefu kama kidole, kimegawanyika juu kama manati, na kila upande kumening'inia kengele moja ya waridi iliyopauka. Akaiinua moja kwa ncha ya kidole: ndani ina michirizi myekundu na vinyweleo.

"Mama, yako mawili! Moja langu, moja la Bibi."

Hatukuchuma. Tulipiga picha, tukamtumia Bibi, naye akapiga simu usiku uleule, akiuliza linanukiaje. Linnea akafumba macho akikumbuka.

"Kama lozi, Bibi. Lozi na vanila kidogo."